Sura ya Saba: Namba Ndogo, Bei Kubwa

Kati ya lenzi za Canon za 50mm kuna mbili, zote za kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani, ambazo anayetaka kupiga picha usiku anafaa kuziweka mezani pamoja kabla hajatoa hata senti. Ya kwanza ni f/1.8. Ilitoka mwaka 2020, ina gramu 160, unaweza kuisahau mfukoni mwa koti, na Marekani ilitangazwa kwa dola 199. Ya pili ni f/1.2, ya mwaka 2018. Hii ina gramu 950, na iliingia sokoni kwa dola 2,299. Zote mbili zinaona upana uleule wa chumba. Bei ya moja inazidi ya nyenzake zaidi ya mara kumi na moja, ilhali mwanga inaouingiza ni mara mbili na robo tu.

Wengi wanaoniuliza lenzi gani wanunue kwa ajili ya harusi za usiku, ngoma na matamasha, huwa tayari wameshaamua: wanataka yenye namba ndogo kuliko zote watakayoimudu. Wanaamini kwamba namba ikishuka, giza linashuka nayo. Ukweli ni kwamba ukivuka f/1.8 hununui tena mwanga mwingi. Unanunua vitu vingine, baadhi vizuri sana, na unalipia kwa pesa, kwa uzito, na kwa fokasi nyembamba kiasi cha kumwacha bwana harusi kwenye ukungu wakati bibi harusi ameng'aa.

Tuanze na namba yenyewe. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi uliogawanywa kwa upana wa tundu lake, kama unavyoliona ukichungulia kwa mbele. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Ya f/1.2 inafika milimita 42, na ya f/0.95 milimita 53, yaani tundu limekuwa pana kuliko urefu wa fokasi wenyewe. Lakini kinachopitisha mwanga ni eneo la tundu, na ndiyo maana namba hizi zinapanda na kushuka kwa namna inayowachanganya watu. Kutoka f/2 kwenda f/1.4 mwanga unaongezeka maradufu, na hiyo wapiga picha huiita hatua moja. Kutoka f/1.4 kwenda f/1.2 ni chini ya nusu hatua. Kutoka f/1.2 kwenda f/0.95, pale ambapo bei zinapasua paa, ni theluthi mbili za hatua. Kwa lugha ya kamera yako, theluthi mbili za hatua ni tofauti kati ya ISO 2000 na ISO 3200. Mwonyeshe mteja picha mbili zilizopigwa kwa viwango hivyo kwenye kamera ya miaka hii, kisha umuulize ipi ni ipi.

Kiu ya namba ndogo ilizaliwa wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine. Miaka ya 1920 sahani za kioo na filamu zilikuwa zinapokea mwanga polepole mno, na ISO haikuwa kitufe cha kuzungusha. Mtu aliyetaka picha ndani ya nyumba usiku alikuwa na mawili: awashe unga wa magnesiamu ulipuke kwa moshi na kishindo, au awaambie watu wasitikisike. Mwaka 1924 kampuni ya Ernemann ya Dresden, Ujerumani, ikatoa kamera ndogo iitwayo Ermanox yenye lenzi ya f/2. Aliyeibuni lenzi hiyo, Ludwig Bertele, alizaliwa mwaka 1900; alikuwa kijana mdogo kabisa. Haikupita muda ikafuata ya f/1.8.

Aliyeitumia vizuri kuliko wote ni Erich Salomon wa Berlin, msomi wa sheria aliyegeuka mpiga picha wa magazeti. Mwaka 1928 aliingia mahakamani na Ermanox imefichwa ndani ya kofia iliyotobolewa tundu la lenzi, akatoka na picha za kesi ambazo hakuna aliyezitarajia. Mwaka 1930 alikuwa Hague, kwenye mkutano wa kimataifa uliokwenda hadi usiku wa manane, akawapiga mawaziri wakiwa hoi vitini, wengine wanasinzia. Kabla ya hapo wakubwa walionekana magazetini wakiwa wamepangwa mstari, wamevaa kofia zao, wanaikodolea kamera. Salomon aliwaonyesha wakiwa watu. Alikuwa Myahudi, na aliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Yaliyofuata ni mashindano. Bertele, akiwa Zeiss, akatoa Sonnar ya f/1.5 mwaka 1932. Canon wakatangaza 50mm f/0.95 mwaka 1961. Leica wakaleta Noctilux ya f/1.2 mwaka 1966, wakaishusha hadi f/1 muongo uliofuata, na kufika f/0.95 mwaka 2008. Nyingi ya lenzi hizi leo ni mali za wakusanyaji, na wakusanyaji wana sababu zao zisizohusiana na picha.

Moja tu ndiyo ninayotaka tuikalie. Mwaka 1966 Zeiss walitengeneza lenzi iitwayo Planar, 50mm f/0.7, kwa ajili ya mpango wa Apollo wa NASA. Zilikuwa kumi tu. Sita zilikwenda NASA, moja ikabaki kiwandani, na tatu zikanunuliwa na mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick. Kubrick alikuwa anaandaa Barry Lyndon, filamu ya maisha ya karne ya 18, na alitaka watu wa zama za mishumaa waonekane kwa mishumaa. Hakutaka taa kubwa zilizofichwa nyuma ya mlango zikijifanya mishumaa. Tatizo ni kwamba lenzi ile haikutengenezwa kuingia kwenye kamera ya sinema: kioo chake cha nyuma kinatakiwa kukaa milimita chache tu kutoka kwenye filamu. Fundi Ed DiGiulio ikabidi achonge na kupanga upya sehemu za ndani za kamera ya Mitchell hadi lenzi ikaingia, na kamera ile baada ya hapo haikuwa na kazi na lenzi nyingine.

Filamu iliyokuwa ndani ilikuwa ya ASA 100, ambayo leo tungeiita ISO 100, ikaongezwa nguvu maabara hadi kuwa sawa na 200. Barry Lyndon ilitoka mwaka 1975, na mpiga picha wake, John Alcott, akapata Oscar. Ukiitazama leo, angalia jinsi wacheza karata wanavyokaa. Hawainamii meza ghafla, hawageuki kwa kasi, wanazungumza kana kwamba shingo zina gharama. Tabia za mabwana wa karne ile zimechangia, lakini fizikia nayo imechangia. Kwenye f/0.7 mwigizaji akisogea mbele kidogo tu, macho yanatoka kwenye fokasi. Msaidizi wa fokasi, Douglas Milsome, hakuweza kutegemea jicho. Waliweka kamera ya video pembeni, ikimtazama mwigizaji kwa pembe ya digrii 90, ili kwenye skrini aone amesogea mbele au nyuma kwa kiasi gani.

Sasa chukua kalamu. Lenzi ya f/0.7 inaingiza mwanga mara sita na nusu hivi kuliko ya f/1.8. Filamu ya Kubrick ilikuwa sawa na ISO 200. Kamera ya kawaida anayotembea nayo mpiga picha wa mtaani leo inakwenda ISO 1600 bila kulalamika, na hiyo ni mara nane ya 200. Maana yake ni kwamba ile lenzi ya dola 199, kwenye ISO 1600, inapata picha yenye mwanga zaidi kidogo kuliko aliyoipata Kubrick kwa lenzi ya Apollo na kamera iliyochongwa upya. Kazi iliyokuwa inafanywa na kioo kikubwa imehamia kwenye kihisi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama f/1.8 inatosha gizani, hesabu zinasema hivi. Weka ISO 3200 kwenye sebule yenye taa moja ya dari. Zumu inayouzwa pamoja na kamera, ikiwa kwenye f/5.6, itakupa kasi ya 1/30 ya sekunde. Mtoto akicheka, mdomo unakuwa ukungu. Lenzi ya f/1.8 itakupa karibu 1/320. Zima taa, washa chemli moja, mkalishe mzee karibu nayo. Zumu sasa inadai 1/8. Lenzi ya f/1.8 inakupa 1/80 hivi, ya f/1.2 inakupa 1/180, na ya f/0.95 karibu 1/280. Kutoka 1/8 hadi 1/80 umetoka kwenye picha ya kutupa hadi picha ya kumchapia mzee akaitundika ukutani. Kutoka 1/80 hadi 1/280, kwa mzee aliyekaa anasimulia, hujapata kitu ambacho yeyote atakiona. Mruko wa kwanza ndio wenye picha ndani yake, na ndio wa bei nafuu.

Kuna mahali ambapo mwanga ule kidogo wa ziada una thamani kwetu kuliko inavyosemwa kwenye vitabu vya Ulaya. Kipimo cha mwanga cha kamera kinatafuta wastani. Mbele yake pana kanzu nyeupe kumi, au shela la bibi harusi, na nyuso za watu weusi. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso zinaangukia sehemu ya chini kabisa ya picha, kule kule ambako chenga huzaliana. Kisha kwenye kompyuta unavuta nyuso zipande, na chenga zinapanda nazo: ngozi inakuwa na madoa ya kijani na zambarau ambayo hayakuwapo ukumbini. Dawa ni kupima mwanga usoni, si kwenye fremu nzima, na kuruhusu nguo nyeupe ing'ae karibu na mpaka wake. Hilo linakula hatua moja au zaidi ya mwanga. Anayepiga Maulidi usiku, au nikahi msikitini, ana haki ya kutaka f/1.4 kwa sababu hiyo hasa, kwa vile flashi pale ni ukosefu wa adabu.

Kwenye kumbi za harusi, kinyume chake, lenzi ya kasi, yaani yenye namba ndogo, inaweza kukuharibia. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu, LED na mirija, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Mpiga picha mwenye f/1.2 anafurahi kuona kamera inampa 1/500, anabonyeza, na picha zinatoka moja ya njano, moja ya kijani, moja ina mistari ya giza iliyokata ukumbi vipande. Hapo inabidi ushuke hadi 1/100, ambayo inameza mzunguko mzima wa taa, na ukishashuka hadi 1/100 ile f/1.2 haina kazi tena. Unaifunga hadi f/2 au unashusha ISO. Nimeona watu wakiilaumu lenzi kwa kosa hili, wakaiuza, wakanunua ya bei kubwa zaidi, na mistari ikawafuata. Baadhi ya kamera zina mpangilio wa kusubiri taa iwake kikamilifu ndipo shata ifunguke. Utafute kwenye menyu kabla ya kutafuta lenzi.

Haya, kina cha fokasi. Katika yote yanayohusu lenzi hizi, hili ndilo ambalo muuzaji halitaji na ndilo litakalokutesa. Ukiwa na 50mm f/1.2 kwenye kihisi cha fremu kamili, ukamsogelea mtu hadi mita moja, sehemu iliyo kali ina unene wa sentimita 2.7 hivi. Kwenye f/0.95 ni kama sentimita 2.2. Pima kwenye uso wako: kutoka kwenye kope hadi ncha ya pua ni zaidi ya hapo. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho la karibu linakata kama wembe na la mbali linaogelea. Kwa picha ya mtu mmoja aliyetulia, hilo ni pambo, na wateja wa siku hizi wanaolilia ukungu nyuma watakushukuru. Kwa bibi na bwana wanaolishana keki ni janga, maana nyuso zao haziko kwenye mstari mmoja hata wakijitahidi.

Umbali unaokoa. Kaa mita tatu na lenzi hiyohiyo ya f/1.2, na kina kinafika sentimita 25, mwimbaji wa taarabu anatosha humo na maikrofoni yake. Ndiyo maana swali la kwanza la kununua lenzi ya gizani linapaswa kuwa utasimama wapi. Namba ya f ije baadaye. Mwenye kazi ya vyumbani na kwenye vibaraza vya Mji Mkongwe, ambako ukirudi nyuma unagonga ukuta, aende 35mm. Ukiwa na 35mm f/1.4 mita mbili kutoka kwa mtu, kina ni sentimita 27, fokasi inakusamehe, na mkono wako unaweza kushika 1/40 bila kutikisa. Mwenye kazi ya jukwaani, anayesimama nyuma ya kamba kama kule Ngome Kongwe wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, anahitaji 85mm, na akubali kwamba mita tatu kwa f/1.4 zinampa sentimita kumi tu, na kwamba mkono wake sasa unadai 1/100 au zaidi. Lenzi ndefu inayokuza uso inakuza na mtikisiko.

Hapa kuna mtego wa kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Kwenye kamera hizo za Canon, 50mm inaona kama 80mm. Vijana wananunua 50mm f/1.8 kwa sababu ni rahisi na kila mtu anaisifu, kisha wanashangaa sebuleni haitoshi watu watatu. Kwao lenzi ya kufanana na jicho ni 35mm au hata 28mm. Kihisi hicho hicho kidogo ndicho kilichofanya viwanda vya China, kama TTArtisan na 7Artisans, viweze kuuza lenzi za f/0.95 kwa sehemu ndogo sana ya bei ya Leica. Ni vyuma vizito, vizuri mkononi, na fokasi unazungusha mwenyewe. Kwa mzee na chemli yake, nunua, utafurahi. Kwa mpira wa usiku au watoto wanaokimbizana, fokasi ya mkono kwenye f/0.95 ni bahati nasibu.

Kuhusu kutulizwa kwa kihisi, ambako kamera mpya nyingi zinako: kunasaidia mkono wako tu. Jengo, mtaa, boti zilizofungwa gatini, hata kwa nusu sekunde utapata. Mchezaji wa ngoma hatulizwi na kihisi chako. Yeye anataka 1/250, na hapo ndipo lenzi ya kasi bado ina kazi yake ya asili.

Kama basi mwanga si hoja kubwa, kwa nini kuna watu wenye akili wanaolipa maelfu ya dola? Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na Nikon mwaka 1977. Walikuwa tayari na lenzi za f/1.2. Wakatoa nyingine ya f/1.2, 58mm, wakaiita Noct-Nikkor, kwa bei kubwa zaidi, na kioo chake cha mbele kikisuguliwa na kung'arishwa kwa mkono katika umbo lisilo la duara kamili. Haikuongeza mwanga hata chembe. Shida waliyoilenga inaitwa koma. Ukiifungua lenzi ya kawaida ya kasi hadi mwisho, nukta ya mwanga iliyo katikati ya picha inabaki nukta, lakini ile iliyo karibu na pembe inaota mbawa, pande mbili, kama ndege anayeruka. Jiji la usiku linajaa ndege. Noct ilisahihisha hilo ikiwa wazi kabisa, pasipo kulazimika kuifunga hadi f/4 ambako kila lenzi ni nzuri.

Nani anahitaji hilo? Anayepiga nyota. Anayepiga Kigoma usiku usio na mbalamwezi, wakati taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa Ziwa Tanganyika na kila moja ni nukta kwenye weusi. Anayepiga Forodhani na balbu za wachoma mishikaki zikiwa zimening'inia hadi pembeni mwa fremu. Mpiga picha wa sura za watu hahitaji, kwa sababu pembeni mwa picha yake hakuna nukta za mwanga zenye maana. Nikon waliirudia hadithi hiyo mwaka 2019 kwa 58mm f/0.95, kilo mbili kamili, fokasi ya mkono, kwa dola karibu 8,000. Ni kazi ya uhandisi ya kuvulia kofia. Sijawahi kumshauri mtu ainunue.

Koma ina ndugu zake. Kuna rangi zinazozunguka vitu vinavyong'aa vilivyo nje kidogo ya fokasi, zambarau mbele na kijani nyuma. Utaziona kwenye hereni, kwenye dhahabu ya shingoni, kwenye ukingo wa miwani. Kuna pembe kuwa na giza: lenzi ikiwa wazi kabisa, pembe za picha mara nyingi hupoteza hatua nzima au zaidi, kwa hiyo ile f/1.2 uliyolipia ipo katikati tu. Na vihisi vya kidijitali havipokei miale inayokuja kwa mlalo mkubwa kama filamu ilivyoipokea, hivyo sehemu ya mwanga wa namba ndogo sana hupotea ikiwa imeshafika mlangoni. Makosa haya ndiyo sababu lenzi mpya za f/1.2 ni nzito kiasi kile. Gramu 950 za Canon na zaidi ya kilo moja ya Nikon Z 50mm f/1.2 ni vioo vilivyowekwa kuondoa makosa. Lenzi ya f/1.2 ya zamani, nyepesi, inaingiza mwanga uleule na makosa yote ndani yake. Wapo wanaoyapenda makosa hayo, wanasema picha ina roho. Siwapingi, ila wasiniambie ni kwa sababu ya giza.

Wenye DSLR za zamani, zile kamera zenye kioo cha ndani, wana jambo lao. Kioo cha kuchungulia cha kamera hizo hakikuonyeshi kina cha kweli cha f/1.4, unachokiona kinafanana na f/2.8, na kwa hiyo unaamini jicho ni kali wakati siyo. Fokasi ya otomatiki nayo ipo kwenye kifaa tofauti na kihisi, na vikipishana kwa unene wa unywele, f/5.6 inasamehe, f/1.4 haisamehe. Kamera zisizo na kioo zimelimaliza hilo. Zinafokasi kwenye kihisi chenyewe, na nyingi zinalishika jicho la mtu na kumfuata. Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja, kamera ya namna hiyo pamoja na f/1.8 itakupa picha nyingi zilizo kali usiku kuliko DSLR ya zamani yenye f/1.2.

Nikisukumwa nitaje: 35mm f/1.8 kwanza, ya kampuni yoyote inayoingia kwenye kamera yako. Baadaye 85mm f/1.8 ukiona kazi za jukwaani zinakuja. f/1.4 kwa yule wa Maulidi na kanzu. f/1.2 kwa anayeishi kwa picha za sura na ambaye wateja wake wanalipia ule ukungu kwa jina.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kamera yako, na nenda jioni taa za duka zikiwa zimewashwa. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, iingize kwa pembeni upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka ukingoni kama utando: hiyo ni fangasi, na kwa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ni ya chumvi na unyevu, huikosi kwenye lenzi iliyokaa kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Kisha ifunge hadi f/16, utazame vile visu vidogo vya tundu; vikiwa na mng'ao wa mafuta vitanata siku moja katikati ya kazi. Weka rula mezani kwa mshazari, fokasi kwenye sentimita ya 15, piga kwa tundu wazi kabisa, kuza uone kama iliyo kali ni 15 au 16. Mwisho weka balbu moja ya duka kwenye kila pembe ya fremu, moja baada ya nyingine, na uzilinganishe. Mbawa ndogo zinazofanana pembe zote nne ni tabia ya lenzi hiyo, unaweza kuishi nazo na kuzitumia kupunguza bei. Pembe moja ikiwa na mbawa ndefu na nyingine hazina, lenzi ilianguka, au ilifunguliwa na fundi na vioo havikurudi kwenye mstari wake, kwenye f/5.6 usingejua, kwenye f/1.4 kila picha itakuwa kali upande mmoja. Hiyo mwachie muuzaji, hata akishusha bei hadi nusu.